Gonga Kikombe Mara Mbili

Mzee Nyaga tulimzika Ijumaa, nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Embu, katika manyunyu yale yasiyolowesha nguo lakini yanaingia mpaka kwenye mifupa. Mimi nilifika na magari mawili. Kama huko ni kujisifu, sioni aibu. Mtu aliyeacha shule darasa la tano, akabeba mizigo ya watu mgongoni, na leo ana maduka manne ya vifaa vya ujenzi na nyumba ya ghorofa mtaa wa Kaaga, kule Meru, ukuta kwa ukuta na shule ambayo isingempokea, huyo ana haki ya kufika mazishini na magari mawili. La pili lilibeba mahema na viti, nilivyovitoa mwenyewe bila kuombwa. Watu waligeuka kutazama, na nilipenda walivyogeuka. Lakini jeneza lilipoanza kushushwa, mjukuu mmoja wa marehemu alichukua kijiko akagonga kikombe cha bati mara mbili, kwa sababu mzee alikuwa ameagiza ifanyike hivyo. Ngo, ngo. Mjukuu alikuwa mbele yangu, nikimwona kwa macho yangu. Hata hivyo mimi niligeuka kuangalia nyuma yangu, mbele ya umati wote ule, kuona ni nani amesimama pale. Hapakuwa na mtu. Aliyeniona nikigeuka ni Mwenda peke yake, na alitabasamu kidogo, kisha akatazama chini.

Mwenda ni rafiki yangu tangu tukiwa watoto Nkubu. Yeye baadaye alirudi shule, akawa mwalimu, sasa amestaafu. Mimi sikurudi. Tulipokuwa na miaka kumi na tisa tulibeba mizigo pamoja mwaka mmoja mlimani, chini ya Nyaga, kiongozi wa wapagazi, na kwa mambo ya mwaka ule watu wa Nkubu wananiheshimu mpaka leo. Wanasimulia kwamba Gitonga, yaani mimi, alimshusha rafiki yake mgonjwa kutoka juu, ndani ya ukungu, akimtuliza hatua kwa hatua. Nimesikia hadithi hiyo ikisimuliwa kanisani, kwenye harusi, na kwenye mkutano wa wafanyabiashara. Mara nyingine msimulizi nilikuwa mimi. Katika kitabu hiki nimeandika mengi ya kunisifu na yote ni kweli. Sura hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuiandika.

Chumba cha Nyaga kilikuwa mtaa wa Dallas, pale Embu, siku hizo Dallas ikiwa na mashamba ya mahindi katikati ya nyumba. Vyumba vilikuwa viwili vilivyotenganishwa kwa mbao nyembamba: kimoja cha yeye na mke wake, Mama Njoki, na kingine cha wapagazi. Kile chetu kilinuka mafuta ya taa, magunia na kamba zilizolowa zikakaushwa zikalowa tena. Kamba zilining'inia ukutani kama matumbo. Tulilala sakafuni, watu wanane, vichwa ukutani, na mlangoni kulikuwa na msumari mmoja mrefu uliotundikwa vikombe vya bati, kila mtu chake. Siku ya kwanza niliingia mle nikamwambia Nyaga kwamba mimi huo mlima nimeshaupanda mara tatu. Sikuwa nimeupanda hata mara moja. Nilikuwa nimeuona tu asubuhi kutoka shambani kwetu, kama kila mtoto wa Meru. Nyaga alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri. Basi utatufundisha." Wale wengine wakacheka. Kirimi mpishi, mtu wa Chuka mwenye kitambi na mdomo mchafu, akaniita Profesa kuanzia hapo.

Jioni hiyohiyo, tukila mukimo, ule mseto wa viazi, mahindi na maharagwe, kwenye sinia moja, nilimsikia Mama Njoki upande wa pili wa mbao. "Huyo kijana wa Meru ana maneno mengi. Utampeleka wapi?" Nyaga akajibu bila kushusha sauti, "Anaongea hivyo kwa sababu anaogopa. Nitamweka nyuma ya yule rafiki yake. Yule ametulia. Mwoga akiwa nyuma ya mtu aliyetulia, hutembea." Wapagazi wote walisikia. Mwenda aliendelea kutafuna, akanisogezea upande wake wa sinia wenye maharagwe mengi. Niliyala yale maharagwe, lakini nilimkasirikia, kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mambo yote, kama ni lazima niseme yalianza wapi.

Nyaga alikuwa na namna yake ya kusafirisha watu, na leo, nikiwa nimesafiri mpaka Dubai na Guangzhou kutafuta mali ya duka, sijaona nyingine inayoishinda. Alisema safari ya kwenda juu huanza kumuua mtu akiwa bado chini, kwenye lori, kwa kufikiria. Kwa hiyo kabla lori halijaondoka Embu, kila mtu mwenye saa aliivua na kuitia kwenye mkebe wa unga, na mkebe ukafungwa kwa kamba. Hata wageni tuliowabebea mizigo. Mimi nilikuwa na saa mpya ya kamba ya chuma, niliyoipenda kuliko dini, na ilinibidi niitie mle. Pili, hakuna kuuliza ni mbali kiasi gani. Tatu, ule hata kama tumbo halitaki. Na nne ndiyo ilikuwa yenyewe: tukianza kutembea, mdomo ni wa kupumua tu. Kikombe chako unakifunga juu ya mzigo kwa kamba fupi. Aliye mbele akitaka kujua kama upo, anauliza "Uko?" bila kugeuka, na wewe unagonga kikombe mara mbili kwa pete au kwa jiwe. Basi. Hujibu kwa mdomo. Na ukisikia mtu anakuita kutoka nyuma kwenye ukungu, huitikii kabisa. "Kwa nini, mzee?" niliuliza. "Kwa sababu mtu wetu angegonga," akasema Nyaga.

Safari ninayoiandika ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka ule. Kufikia hapo nilikuwa nimeshapanda mara tano na nilijiona mimi ndiye mlima. Wageni walikuwa watatu, Wazungu, waliokuja kukaa wiki mbili kwenye majabali ya juu kabisa wakijiandaa kwa mlima mwingine mkubwa zaidi huko Asia. Walikuwa wametoka kwao siku nne kabla, ndege mbili, halafu barabara, na macho yao yalikuwa mekundu. Mmoja wao, mrefu mwenye ndevu nyekundu, hakuweza kutulia. Lami ya kutoka Embu ilikuwa bado mpya wakati huo, ikijipinda kila bonde na kila mto, na kila kona huyu mrefu alinyanyuka kitini. Tulipoacha lami pale Chogoria na kuingia njia ya msituni, lori lilizama kwenye matope tukakaa siku mbili. Mvua, mianzi, na lori. Mianzi ikigongana huko ndani, unasikia kama watu wengi wanaoshusha mbao. Yule mrefu alizunguka lori, akaangalia mkono usiokuwa na saa, akazunguka tena. Mwishowe Nyaga alimpa sufuria na gunia la viazi. "Mwambie amenye," alimwambia mgeni mwenzake aliyejua Kiswahili. "Mwambie asimalize haraka." Yule mtu akamenya viazi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, akashikwa na usingizi kisu kikiwa mkononi. Kirimi akasema, "Haya, Profesa, umeona? Mzungu amelala kama mtoto. Sasa wewe ndiye umebaki."

Na kweli mimi ndiye nilikuwa nimebaki. Sikuwa nikilala. Ndani ya blanketi langu nilikuwa nimeficha kitita cha miraa kutoka kwa binamu yangu wa Maua, kimefungwa kwa jani la mgomba, mbichi, ya daraja la kwanza. Nyaga alikataza miraa mlimani. Alisema inamfungia mtu tumbo, inamnyima usingizi, na juu kule moyo una kazi ya kutosha bila kupigwa mjeledi. Mimi niliona ni maneno ya mtu wa Embu asiyejua raha. Tena nilitaka kumwona Mwenda mara moja tu akiwa si yule aliyetulia. Siku ya pili ya matope, tukiwa nyuma ya lori, nilimpa vijiti vitatu. Akakataa. "Kijana mzima wa Meru," nikamwambia, "unaogopa vijiti? Utamwambia nini baba yako, kwamba umekuwa Mwembu?" Akacheka, akachukua. Jioni hiyo hakula githeri ya Kirimi, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Alinipa mimi sahani yake chini ya blanketi ili mpishi asione, na mimi, ambaye pia sikuwa na njaa, nikaimwaga nje ya turubai. Tulifanya hivyo siku nne mfululizo. Kwa mara ya kwanza aliongea kuliko mimi, maneno mengi mazuri, mipango, jinsi atakavyojenga. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Kambi ya chini ilikuwa mwisho wa msitu, mahali pa miti yenye kuvu ndefu zinazoning'inia kama ndevu, na kijito. Kirimi alibaki hapo na jiko na akiba ya chakula. Sisi tulipanda siku nzima mpaka kibanda cha juu, cha mabati, kando ya vijiziwa vyeusi visivyokuwa na wimbi hata upepo ukivuma. Mle ndani kulikuwa na vitanda vya mbao na majina ya watu yaliyochongwa ukutani, na ukikaa kimya ulisikia mabati yakilia tik, tik, yakijikunja kwa baridi. Mwenda alikaa kitandani akashika kichwa. Chai ikatoka kama ilivyoingia. Asubuhi ya pili alisimama kwenda nje akatembea kama mlevi, akajigonga ukutani upande usiokuwa na mlango. Nyaga alimshika kidevu, akamwangalia machoni, akamwambia apumue, akaweka sikio mgongoni kwake. Halafu akaniangalia mimi. "Amekuwa akila?" Nikasema, "Anakula vizuri, mzee." "Analala?" "Analala." Aliendelea kuniangalia, na nilihisi jani la mgomba ndani ya blanketi langu linapiga kelele.

"Mshushe sasa hivi," Nyaga akasema. "Asipofika chini leo atakufa. Mimi siwezi kuwaacha wageni juu ya jabali. Yeye atangulie, wewe nyuma, umwone akianguka. Asibebe kitu. Mwende polepole. Akiuliza, gonga. Usimwonyeshe kwamba unaogopa, kwa maana pumzi aliyonayo ni ya kutembea tu, haina ziada ya kuogopa." Akafunga mzigo wangu mwenyewe, blanketi langu na la Mwenda, na vikombe vyetu viwili juu yake, changu na chake, kwenye kamba moja. Najua vilikuwa juu ya mzigo wangu. Nimelikumbuka jambo hilo miaka arobaini.

Tulitembea vizuri mwanzoni. Mwenda alitangulia hatua kumi mbele yangu akiegemea fimbo, na kila baada ya muda akauliza, "Uko?" nami nikagonga. Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni. Ilikuwa mchana, mchana kabisa, na hilo ndilo watu hawanielewi ninapowaambia, wanadhani mambo ya kutisha yanahitaji giza. Ule ulikuwa mwanga mweupe uliotoka kila upande, hauna kivuli, na ndani yake ile mimea mirefu ya juu, yenye shina kama mtu aliyevaa koti, ilijitokeza mmoja mmoja ikasimama ukitazama na kupotea ukipita. Mwenda nilimwona mgongo tu, halafu nusu ya mgongo, halafu fimbo. Moyo wangu ulikuwa unakimbia peke yake. Nilikuwa nimetafuna asubuhi hiyo pia, vya mwisho, ili nipate nguvu ya kumshusha. Niliusikia moyo masikioni. Mbele yangu Mwenda akauliza, "Uko?" Nikagonga mara mbili.

Na sauti ya Mwenda, ileile, ikaniita kutoka nyuma. "Gitonga. Nisubiri."

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka anayekuomba usiende haraka. Mbele yangu nilimwona Mwenda, fimbo yake na mguu mmoja, akitembea. Nyuma yangu Mwenda akasema tena, "Nisubiri, bwana." Nami nikaitikia. Nilitamka kwa mdomo, "Niko!" Sijui nilimjibu yupi. Nilichofuata kukifanya nimekificha maisha yangu yote. Nilitupa mzigo. Niliutupa kando ya njia ndani ya tope, nikaona umezama nusu, na nikakimbia. Nilipita nje ya njia kwenye majani makubwa, nikampita Mwenda kwa mbali kidogo, nikasikia akiuliza, "Uko?" na sikuwa na cha kugonga tena. Sikusimama. Nilianguka, nikainuka, nikakimbia mpaka ile miti ya ndevu na kijito, umbali wa saa tatu kwa mtu mzima, na pale nikaona moshi wa Kirimi.

Sikuweza kuingia kambini peke yangu. Ningemwambia Kirimi nini? Nilikaa chini ya mti kando ya kijito, hatua chache kutoka njiani, nikatunga uongo. Nilitunga kwamba alianguka. Halafu kwamba alikataa kutembea. Nilitunga mpaka mazishi yake, na maneno nitakayomwambia baba yake, mzee wa kanisa aliyetufundisha sisi sote kusoma Biblia. Nilikuwa nalia, lakini akili yangu ilikuwa inapanga, kama inavyopanga hata leo nikiwa kwenye shida ya biashara. Sijui nilikaa kwa muda gani. Saa yangu ilikuwa kwenye mkebe wa unga.

Kisha nikasikia, "Uko?"

Halafu nikasikia ngo, ngo.

Mwenda alitokea ndani ya ukungu. Alikuwa anashuka polepole, kwa mwendo wa Nyaga, kila mguu ukituliwa chini kama yai. Uso wake ulikuwa wa kijivu, midomo ya bluu, lakini umetulia kama mtu anayetoka ibadani. Aliongea maneno mawili matatu, akanyamaza kama mtu anayesikiliza, akatikisa kichwa kukubali. "Sawa," akasema. "Hiyo nimeielewa." Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye fimbo. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Nyuma yake palikuwa na njia na weupe. "Uko?" akauliza tena, na kutoka hatua kumi nyuma yake, mahali ambapo mimi ningekuwa, kikombe kikagongwa mara mbili.

Nawaambieni nilitaka kubaki chini ya ule mti mpaka nioze. Lakini alikuwa anapita. Alikuwa anaenda kupita, aingie kambini, Kirimi amwulize Gitonga yuko wapi. Nilitoka kwenye majani nikaingia njiani nyuma yake, karibu, ili nisiwe mahali pale pa hatua kumi. Mwenda hakugeuka. Alitembea kidogo, kisha akasema, "Mbona sasa unahema hivyo? Njia yote ulikuwa huhemi."

Tuliingia kambini hivyohivyo. Kirimi alimpokea, akamlaza, akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe, akachemsha uji mwembamba wa sukari nyingi, akimtukana kwa upendo. "Mjinga wewe, ungetufia hapa tungekubeba na nani? Na huyu Profesa wako amekuwa mwanaume siku gani?" Mwenda akamwambia, "Hakuniacha hata mara moja. Alinieleza vile nitapumua. Usimcheke tena." Kirimi akanitazama upya, kwa macho mengine kabisa. Akanimiminia uji wa kwanza mimi. Nimekula kwenye hoteli kubwa za dunia, na sijawahi kula kitu kizito kama ule uji.

Nyaga alishuka na wageni baada ya siku nane. Alikuwa na mzigo wangu begani. Akauweka miguuni kwangu. Mablanketi yote mawili yalikuwa makavu na yamekunjwa, na vikombe viwili juu yake kwenye kamba ileile. "Nimeukuta juu ya jiwe kubwa kando ya njia," akasema. "Umewekwa vizuri kabisa. Ni wewe uliuweka?" Nilisema ndiyo. Akafungua blanketi langu, akatoa lile jani la mgomba lililonyauka, akalitazama pande zote mbili, akalitia motoni. Hakusema neno mbele ya wengine. Kesho yake, lori likiwa linapakiwa, alinirudishia saa yangu na kikombe changu. "Usije tena huku, kijana. Si kwamba nimekukasirikia. Huku kuna mtu ameshaitikia kwa niaba yako mara moja, na sitaki akuzoee. Nenda chini ukauze vitu. Una mdomo wa kuuza."

Ndivyo nilivyoingia biashara. Baba yake Mwenda alichinja mbuzi, akaniombea mbele ya kanisa zima, na akanipa upenu wa nyumba yake uliotazama soko la Nkubu niweke meza ya misumari na kufuli. Kutoka meza ile yamekua maduka manne. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilianzaje, na wananiuliza sana, jibu la kweli ni kwamba nilianza kwa sifa ya mtu nisiyemjua. Kile kikombe nilikiweka kwenye kabati la kioo katika duka la Meru, na wateja wakiuliza nawaambia, hiki ndicho kilichomshusha Mwenda. Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Kila mwaka, mara moja au mbili, Mwenda alinishika mkono akasema, "Gitonga, yale maneno uliyoniambia pale kwenye mteremko, ya kupumua, yalikuwaje? Mengine nimeyasahau." Nami nikacheka, nikasema, "Mwalimu, mambo ya zamani hayo," nikabadilisha habari.

Siku ya mazishi ya Nyaga, Mwenda aliomba nimpeleke nyumbani Nkubu kwa gari langu. Tulipita Runyenjes, tukapita Chuka, na mlima haukuonekana, ulikuwa umejifunika. Mwenda alikuwa amekonda. Aliniambia madaktari wamemkuta na uvimbe tumboni, na juma lililofuata angefanyiwa upasuaji. "Siogopi kisu," alisema. "Naogopa ile dawa ya kulala. Kwamba nitapumua bila kujua napumua. Sasa leo usinikatalie, Baba Kawira. Nataka yale maneno. Niyaseme wakinipeleka."

Niliendesha mpaka mahali penye nafasi, nikasimamisha gari kando ya barabara chini ya mikaratusi. Nilizima injini. Nilimwambia, "Sina maneno hayo. Sikuwa mimi." Nikamweleza yote, miraa, sahani za githeri, uongo niliomwambia Nyaga, mzigo, majani, kijito. Nilimwambia kwamba kama angekufa, ningekuwa mimi niliyemuua, mara mbili. Yeye alisikiliza akitazama mbele kwenye kioo chenye matone, kama alivyokuwa akitazama mbele siku zote.

"Najua," akasema. "Nilijua ulipoanza kuhema."

"Ulijua? Na ukamwambia Kirimi sikukuacha? Ukamwacha baba yako achinje mbuzi?"

"Ulitoka kwenye majani, Gitonga. Hakuna aliyekuita. Ungekaa tu nipite. Mimi nilimwambia baba niliyoyaona." Akafuta kioo kwa kiganja. "Kila mwaka nilikuwa nakuuliza ili uniambie wewe mwenyewe. Ila maneno nilidhani labda uliyasikia. Ulikuwa karibu naye kunishinda."

"Karibu na nani? Alishaondoka nilipoingia njiani."

Mwenda aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Embu. "Kuondoka wapi? Mlikuwa wawili mpaka kambini. Mmoja anahema, mmoja anagonga."

Siku ile sikumwambia kwamba nilijua. Mnaosoma nitawaambia. Kutoka kijitoni mpaka kwa Kirimi, Mwenda aliuliza "Uko?" mara tatu, na mara zote tatu kikombe kiligongwa nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilihisi baridi ya bati shingoni.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Yuko Nkubu sasa, analalamikia chakula kisicho na chumvi, na sura hii nimemsomea, akaniambia nimejisifu mno kuhusu magari. Lakini nataka kuimalizia kwenye ukumbi wa hospitali asubuhi ile. Nilifungua kabati la kioo nikatoa kile kikombe, nikakibeba ndani ya koti. Walipomtoa wodini kwenye kitanda cha magurudumu nilimwomba muuguzi nifuate mpaka mlangoni. "Si zaidi ya hapo, mzee," akasema. Ukumbi ule ni mrefu, umepakwa rangi nyeupe, taa nyeupe, hauna kivuli. Nilikaa hatua kumi nyuma. Nilifunga mdomo, nikapumua kwa pua, polepole, nikitua kila mguu chini kama yai, na mimi ni mtu mnene wa presha, lakini sikuhema. Mwenda alikuwa amelala chali, haoni nyuma. Mlango wa mwisho ulipoanza kufunguka alisema, si kwa nguvu, "Uko?"

Niligonga kikombe kwa pete mara mbili. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka, kama mtu aliyeridhika, na mlango ukajifunga nyuma yake. Nilibaki nimesimama katikati ya weupe ule na kikombe mkononi. Nyuma yangu ukumbi ulikuwa kimya, na sikugeuka kuangalia.